Samaki wa Shamsia wa Bigwa

Pale Bigwa, mlima unapoanza kuinuka na migomba kushika mteremko, aliishi mwanamke aliyeitwa Shamsia binti Mikidadi. Siku hizo Mjerumani alikuwa amekwisha jenga boma lake Morogoro mjini, na gari la moshi lilikuwa limeanza kufika kutoka Dar es Salaam. Shamsia hakuwa mtu wa kusemwa barazani. Alilima shamba la ukoo wa mama yake, akasuka mikeka, akamlea binti yake Asia ambaye bado alikuwa wa mgongoni, na siku za soko akapeleka ndizi na nta mjini. Kama si habari ya mumewe, jina lake lisingevuka kijito.

Mumewe Rehani aliondoka mzima akarudi nusu. Wakati wa vita vya Maji Maji alikamatwa njiani, akatwishwa mzigo, akafuata msafara wa askari hadi upande wa Mahenge. Aliporudi hakuwa na jeraha la kuonyesha mtu. Lakini maneno yalikuwa yamemwishia, akisema anasema moja moja, kama mtu anayetoa mwiba. Gari la moshi likilia kule stesheni, aliangusha alichoshika akakimbilia migombani, na Shamsia alimkuta huko amechuchumaa, mikono imefunika kisogo. Watu walisema ni mashetani. Wakampungia ngoma, wakamfukiza, wakamchanja chale, na mashetani hawakusema wanataka nini. Mjomba wake Shamsia alimwambia wazi, "Mrudishe kwao. Mume asiyelima shamba la mkewe ni mgeni tu, na mgeni huaga." Shamsia alirudi nyumbani akapika.

Kitu kimoja ndicho kilichomtuliza Rehani. Nyuma ya nyumba kilishuka kijito kutoka mlimani, na mahali fulani maji yalitua kwenye dimbwi angavu lenye mchanga mweupe. Humo waliishi samaki wadogo, wembamba kama majani ya mianzi, wengine wana doa jeusi ubavuni. Rehani alikaa juu ya jiwe asubuhi nzima akiwatazama. Siku aliyokaa pale alikula chakula chake, na usingizi ulimchukua kama watu wengine. Siku aliyokosa, nyumba nzima ilikesha naye.

Basi masika yakaingia. Mvua ilinyesha mlimani mfululizo, kijito kikageuka rangi ya udongo, kikaanza kuvuta magogo. Asubuhi moja Shamsia alitoka jikoni akaona jiwe ni tupu. Alikwenda mbio hadi ukingoni. Rehani alikuwa amesimama katikati ya maji, yamemfika kiunoni, ameinama anapapasa chini kwa mikono.

"Baba Asia, toka humo," Shamsia aliita. Alijitahidi sauti isipande, asije akamshtua.

"Hawaonekani," Rehani alisema.

"Wamejificha. Maji yakitulia watarudi. Nipe mkono."

Alimvuta akatoka, anatetemeka. Gogo la mti mzima likapita pale pale alipokuwa amesimama. Tangu saa ile Shamsia hakupata raha. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Angeweza kumlinda asubuhi. Je, akienda shamba? Akienda sokoni? Alijiwazia kwamba mtu huyu hawezi kungoja mto utulie, basi lazima samaki waje nyumbani.

Alijaribu kwanza kwa chungu. Alichota samaki kwa ungo kwenye mfereji wa pembeni, mahali maji hayakuwa na nguvu, akawatia ndani ya chungu kikubwa cha maji. Rehani aliinama akachungulia. Ndani ya chungu mlikuwa na giza, na samaki waliona kivuli chake wakazama chini. Alichungulia mara ya pili, kisha akainuka, akashika njia ya kijitoni. Shamsia alilazimika kumfuata na kukaa naye mvuani.

Wazo la kioo alilipata dukani kwa Taherali, Mhindi aliyenunua nta yake. Taherali alikuwa ameagiza kabati la vioo kutoka Dar es Salaam, likaja kwa gari la moshi, likafika mbao zimepasuka. Milango yake miwili ilipona, na vioo viwili vidogo vya ubavuni. Vilikuwa vimeegemezwa ukutani nyuma ya duka, na kuku wa Rashida, mkewe Taherali, alikuwa akipita upande wa pili. Shamsia aliona kila unyoya wa yule kuku. Akasimama, mzigo bado kichwani.

"Bwana Taherali, hivi utavifanyia nini?"

"Nitavifanyia nini? Vinanikumbusha hasara tu," Taherali alisema. "Wewe unavitaka vya nini?"

Shamsia aliona haya kusema. Rashida ndiye aliyemvuta kando akamhoji, na alipoelezwa hakucheka. Alimwambia mumewe jambo kwa Kihindi, na Taherali akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Shamsia akakubaliwa kuvilipia kwa nta, kidogo kidogo.

Kaka yake Shamsia, Pazi, alikuwa fundi bati mjini, mtengenezaji wa vibatari na makopo ya kuchotea maji. Aliviangalia vile vioo, akakuna kichwa.

"Dada, kioo siwezi kukikata. Sina almasi ya kukatia. Sanduku litakuwa ukubwa wa vioo hivi hivi, refu kama jeneza la mtoto."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Nimesema urefu tu."

Alikata madebe ya mafuta ya taa, akakunja pembe, akaviingiza vioo kwenye mikunjo, akalaza chini ubao wa mninga uliovikwa bati. Kwenye maungio alimimina nta iliyoyeyushwa pamoja na ulimbo wa mti. Wakalibeba Bigwa juu ya machela ya fito, Shamsia akitembea nyuma na moyo wake ukigonga kila Pazi alipojikwaa. Waliliweka juu ya kitanda cha fito chini ya upenu, wakalijaza maji. Likavuja pembe zote. Pazi akatia nta nyingine. Likavuja pembe moja. Akatia tena, na safari hii maji yakakaa.

Shamsia hakungoja. Asubuhi ile ile alitia mchanga, akatia maji ya chemchemi, akatia samaki wengi kadiri alivyopata, maana aliona wakiwa wengi mumewe atashiba macho. Rehani alikuja, akachuchumaa. Kwa mara ya kwanza aliwaona samaki kwa ubavu, wakipita mbele ya uso wake kama watu wanaopita njiani. Siku hiyo hakwenda kijitoni, na adhuhuri alikula.

Jioni samaki walianza kupanda juu wakifungua vinywa. Alfajiri Shamsia alipokwenda kuwatazama, walikuwa wakielea, matumbo juu. Alisimama pale akiwatazama. Mtu aliyeona vifo vya njia ya Mahenge, leo aamke akute hivi? Alichukua kipepeo cha kupepea moto akawakusanya, akawazika kwenye majivu, akakimbilia mferejini kuchota wengine kabla Rehani hajaamka.

Alifanya hivyo kesho yake pia. Na kesho kutwa. Aliwachota wapya, akawamwaga ndani, akakaa jikoni akijifanya anapuliza moto. Siku moja Rehani akakaa mbele ya kioo muda mrefu, halafu akasema bila kugeuka, "Yule aliyekatika mkia hayupo."

Shamsia alijibu kutoka jikoni, "Yupo. Labda yuko nyuma ya wenzake."

"Hayupo. Na hawa si wale." Shamsia alingoja ainuke, akimbie, apige kelele, lolote. Rehani akagusa maji kwa kidole, akakinyanyua kidole kwenye mwanga. "Mama Asia, maji yana mafuta."

Kweli. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba inayometa rangi rangi, kama ile iliyo kwenye matope ya stesheni. Yalikuwa mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya mikunjo ya madebe. Shamsia alikuwa akiyaona kila siku, na hofu haikumwachia nafasi ya kuyafikiri.

Wakaanza upya, wote wawili. Walimwaga kila kitu. Waliosha bati kwa majivu na maji moto, kwa uangalifu mwingi kwenye nta, wakalijaza sanduku wakalimwaga, wakalijaza wakalimwaga, hadi kidole kikitoka majini hakimeti. Mchanga Shamsia aliupeta na kuuosha kama mchele wa harusi. Rehani alileta mawe mawili ya kijito yenye ukoga wake, na majani yanayoota ndani ya maji, akayapanda mchangani. Kisha akamkataza mkewe kutia samaki. Maji yakakaa peke yake siku kadhaa, yakachafuka kidogo, yakajisafisha. Mara wakaonekana konokono wadogo waliokuja na majani.

"Sasa?" Shamsia aliuliza.

"Watatu."

"Watatu tu?"

"Wengi watakosa pumzi."

Watatu wakatiwa. Shamsia hakulala vizuri. Alfajiri alikwenda akinyata, mkono umeshika kipepeo. Walikuwa watatu, wamesimama juu ya mchanga wakipepea mapezi. Akaketi chini pale pale. Baadaye wakaongeza wawili, na baadaye tena wawili. Aliwapa chembe za pumba, chache zinazoweza kukaa juu ya ukucha, na zilizobaki chini alizitoa. Kila baada ya siku chache alipunguza maji kwa kata na kuongeza mapya ya chemchemi, polepole, asiwashtue. Rehani alianza kumsaidia kumenya mihogo, huku amekaa pale alipoweza kuona kioo.

Lakini Bigwa nayo ina macho. Mtu akapita akaona, akamwambia mwenziwe. Wakaanza kuja, kwanza majirani, kisha watu wa Kilakala, kisha watu waliokuwa wakishuka kutoka Matombo na mizigo yao ya ndizi. Walisimama upenuni wakanong'ona. Wengine walivua kofia, jambo lililomtisha Shamsia kuliko kelele.

Bi Mwaisha, jirani yake mtu mzima, alimfuata jikoni.

"Shikamoo, Bi Mwaisha."

"Marahaba. Mwanangu, nakuuliza. Maji haya yana nini?"

"Samaki tu, bibi."

"Mimi nawaona samaki. Akida wa Mjerumani ataona nini?" Mwaisha alishusha sauti. "Juzi tu watu wamenyongwa kwa ajili ya maji ya dawa. Leo nyumbani kwako kuna maji yamewekwa kwenye kioo, na watu wanatoka milimani kuja kuyatazama. Na mumeo anakaa mbele yake kama mganga. Fikiri."

Shamsia alifikiri, na tangu hapo hakufikiri kingine. Aliponda karanga akifikiri. Alitundika mkeka mbele ya sanduku, na Rehani akautoa. Aliwaambia wageni samaki wamekufa, nao wakachungulia wakawaona. Alitaka kuyamwaga maji yote, lakini kila aliposhika kata alimtazama mumewe akimenya mhogo, mikono yake imetulia, akairudisha kata mahali pake.

Akida alikuja asubuhi ya jua, na askari wawili. Alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye kanzu safi, na sifa yake ni kwamba hakurudia neno. Rehani alipoona kaki na kofia zile, alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akabaki hapo, macho wazi.

"Shikamoo, bwana akida," Shamsia alisema. Sauti yake aliisikia kwa mbali.

"Nimeambiwa hapa pana maji."

"Ni maji ya chemchemi, bwana. Pana samaki."

"Nani anayanywa?"

"Hayanywi mtu, bwana."

"Watu wanayafuata ya nini?"

"Kutazama. Hapana lingine. Mume wangu alitoka safari ya Mahenge akibeba mizigo ya serikali, akarudi hana usingizi. Akiwatazama hawa hupata nafuu."

Akida alimtazama Rehani pale ukutani, kisha akalitazama sanduku. Mmoja wa askari alikwisha inua kitako cha bunduki. Akida akamzuia kwa mkono. Aliinama. Tumbo lilimsumbua, akachuchumaa, kanzu yake ikagusa vumbi. Samaki mmoja mwenye doa alikuja hadi kwenye kioo akasimama mbele ya pua yake. Wakatazamana. Shamsia hakujua muda gani umepita.

"Litakwenda kwangu," akida alisema akiinuka. "Nitalitunza barazani ambako kila mtu ataona ni samaki. Nawe utakuja kuwahudumia. Wakiishi, ni samaki. Wakifa wote, nitajua ulikuwa unaficha nini."

Shamsia akaona afadhali wangelivunja. Walipunguza maji hadi nusu, wakalifunga kwenye machela, wakaondoka nalo. Rehani aliingia ndani akalala na uso ukutani, na usiku ule alipiga kelele kama alivyokuwa akipiga mwanzo.

Kila asubuhi Shamsia alikwenda kwa akida, Asia mgongoni, mtungi wa maji kichwani. Mambo kule hayakuwa mema. Sanduku lilikuwa limewekwa kwenye jua, mahali linapometa wageni waone. Watu wa nyumba walitupa ndani matonge ya ugali. Maji yakaanza kuwa kijani, yakanuka. Samaki mmoja akafa, Shamsia akamficha ndani ya khanga na kuondoka naye. Alimwomba Bi Mwanaheri, mkewe akida, wasogeze kivulini.

"Bwana mwenyewe ndiye aliyechagua mahali," Mwanaheri alisema. "Mimi siwezi kumwambia, na wewe usijaribu. Wiki iliyopita mtu alimsahihisha jina la kijiji, akala viboko hamsa ishirini."

Samaki wa pili akafa. Shamsia alirudi nyumbani akamkuta Rehani amekaa kitandani. Alikuwa amekusudia kumwambia kwamba wote wazima. Badala yake akalia, akamwambia yote, jua, matonge, ukijani, na maneno ya akida.

Kesho yake, alipojitwika mtungi, alisikia nyayo nyuma yake. Rehani alikuwa akimfuata na mtungi mwingine begani.

"Baba Asia, kule kuna askari."

"Najua."

"Rudi. Tafadhali."

Hakurudi. Gari la moshi lililia walipokuwa njiani, akasimama, maji yakamwagika kifuani mwake, pumzi zikamwenda mbio. Shamsia alisimama naye. Kisha wakaendelea. Langoni kwa akida askari aliwatazama, na Rehani alishika ukingo wa khanga ya mkewe kama mtoto anavyoshika, akapita.

Akida alikuwa barazani anakunywa kahawa. Rehani alipiga magoti mbele ya sanduku, akatia mkono majini, akautoa.

"Bwana akida," alisema, macho yake chini, "maji ni ya moto. Jua linawapika. Na ugali unaozea chini. Tuwasogeze pale kwenye ukuta. Watu wawapunguzie chakula. Wataishi."

Shamsia alifumba macho akangoja. Alisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

"Ulibeba mizigo ya nani, Mahenge?" akida aliuliza.

"Ya askari, bwana. Risasi. Na baadaye wagonjwa."

Akida aliwaita wale askari, akawaonyesha ukuta. Waliinua sanduku wakalisogeza kivulini, na Rehani akatembea kando yao akilishikilia pembe yenye nta, bega lake karibu na bega la askari. Alikuwa ametota jasho mwili mzima. Alipomaliza kubadili maji alitoka nje ya lango akatapika. Lakini kesho yake alikwenda tena.

Waliosalia waliishi. Akida alikaa nao hadi kiangazi, akawaonyesha wageni wake, akajisifu kwamba yeye ndiye aliyejua dawa ya samaki kuwa ni kivuli. Baadaye alihamishwa upande wa Kilosa. Siku ya kuhama watumishi wake walilibeba sanduku bila kumwaga maji, ubao ukapasuka katikati, na vioo vyote vikaenda chini. Mwanaheri aliwaokota samaki mwenyewe akawatia kwenye sufuria, akamtuma mtu awapeleke Bigwa.

Pazi alitengeneza sanduku jingine, dogo, la vioo vya dirisha. Halikuvuja sana. Rehani hakupona kama watu wanavyotaka kusikia. Hakuzoea gari la moshi maisha yake yote, na masika yakija Shamsia aliendelea kutega sikio. Ila alirudi shambani, kwanza nusu siku, kisha zaidi, na mjomba akaacha kusema.

Shamsia mwenyewe hakuiacha hofu upesi. Kwa muda mrefu kila alfajiri alikwenda kwanza kwenye kioo, akawahesabu, ndipo akaenda kuwasha moto. Asubuhi moja alikuwa amekwisha panda nusu ya mteremko, kapu kichwani na jembe begani, alipokumbuka kwamba leo hakuwaangalia. Alisimama. Aliweka kapu chini, akageuka kutazama paa la nyumba yake kule chini, moshi ukitoka. Akajitwika tena kapu, akaendelea kupanda.